Weka ya Ishirini

"Ya ngapi, dada?"

"Weka ya ishirini."

Hapo ndipo tulipopotelea, ndugu zangu. Tulipotelea kwenye pampu, siku tulipozoea kununua mafuta kwa noti. Kijana anaminya bomba, mshale unanyanyuka kidogo, taa ya njano inazimika, keshokutwa inawaka tena. Unarudi. "Weka ya ishirini." Miaka mitano inakatika hivyo hivyo, na mtu akikuuliza gari lako linatembea kilomita ngapi kwa lita, unamtumbulia macho kana kwamba amekuuliza uzito wa ini lako.

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, inatangaza bei kikomo ya mafuta, na siku hiyo nchi nzima tunageuka wachumi. Imepanda! Imeshuka! Ofisini, kwenye daladala, nje ya msikiti, tunajua bei ya mafuta yaliyoshukia Dar, yaliyoshukia Tanga na yaliyoshukia Mtwara, hadi shilingi ya mwisho. Lita hiyo ikishaingia kwenye tangi lako inakufikisha wapi? Kimya. Tunailalamikia serikali kwa nusu ya hesabu, na nusu ya pili, ile iliyo mikononi mwetu wenyewe, hatujawahi kuigusa.

Halafu mtu huyohuyo asiyejua gari lake la sasa linakula kiasi gani anakwenda yadini kutafuta "gari la familia lisilokula mafuta". Atalijuaje?

Mwezi uliopita nilimsindikiza mdogo wangu na mumewe. Wana watoto watatu na mama mkwe anaishi nao, kwa hiyo ni watu sita, na pesa yenyewe ni ya mkopo wa SACCOS. Dalali alitupokea kwa bashasha. Shemeji alipewa mkono na kuitwa bosi. Mimi niliitwa mama, nikaulizwa kama rangi nimeipenda.

"Hii haili mafuta kabisa, bosi," alimwambia shemeji huku akipigapiga boneti. "Inanusa tu."

"Inanusa kilomita ngapi kwa lita?" nikamuuliza.

"Mama, hii ni VVT-i."

"Nimeona. Kilomita ngapi?"

"Mama, hii ni VVT-i ya Japani kabisa, siyo zile za Dubai."

Herufi nne hizo zimeuza magari mengi nchini kuliko tangazo lolote, na asilimia kubwa ya wanaozitamka hawajui zinasema nini. VVT-i ni mfumo wa kurekebisha muda wa valvu kufunguka na kujifunga kadiri injini inavyozunguka. Ni kitu kizuri. Lakini Toyota wamekuwa wakiuweka kwenye injini zao tangu miaka ya 1990. Upo kwenye Passo ya cc 1,000, na upo kwenye Land Cruiser V8 ya cc 4,700. Kuniambia gari halili mafuta kwa sababu ni VVT-i ni sawa na kuniambia bwana harusi hanywi pombe kwa sababu ana suti.

Nikazunguka nyuma. Kwenye kona ya kioo kulikuwa na kijistika chenye maandishi ya Kijapani na namba moja inayosomeka hata kwa sisi: +10%. Nikamwonyesha dalali. Akasema hiyo ni alama ya mnada. Siyo. Japani mtengenezaji anawekewa na sheria lengo la matumizi ya mafuta kulingana na uzito wa gari, na akilivuka lengo hilo anabandika kijistika kuonyesha amelivuka kwa kiasi gani. Kile kingine cha duara chenye nyota kinahusu usafi wa moshi. Huku kwetu vyote viwili tunaviacha kama hirizi, ushahidi kwamba gari limeshuka melini juzi. Tunalipanda miaka kumi, huku taarifa tuliyokuwa tunaihitaji imebandikwa kisogoni.

Ila hata hicho kijistika kisikuleweshe. Kwa kuwa lengo linafuata uzito, gari kubwa zito laweza kubandikwa +20% na bado likanywa maradufu ya Vitz. Limekuwa la kwanza, ndiyo, lakini kwenye mbio za wazee. Na namba za kwenye vipeperushi vya Japani zinapimwa maabara. Toyota Aqua ilipotoka Desemba 2011 ilitangazwa kwa kilomita 35.4 kwa lita. Maabara hakuna foleni ya Mbezi, hakuna matuta, hakuna trafiki aliyezima taa akaamua kuongoza magari kwa hisia zake. Hapa mjini, mwenye Aqua nzima akipata 20 anashukuru, na ana haki ya kushukuru.

Nisijifanye mjuzi wa kuzaliwa. Mwaka 2019 mimi na mume wangu tulinunua gari la juu, silinda sita, cc 3,000. Sitamsingizia mume. Na mimi nilipenda kukaa juu. Nilipenda kuwatazama watu utosini kwenye foleni, nilipenda mlinzi wa ukumbini alivyokuwa akitufungulia geti kabla hatujapiga honi. Muuzaji alituambia linakwenda "kumi mpaka kumi na mbili kwa lita, ukiwa mpole". Tuliamini kwa sababu tulitaka kuamini. Miaka mitatu tuliweka ya ishirini, ya thelathini, ya hamsini siku ya mshahara.

Mwaka 2022 petroli ilipovuka shilingi 3,000 ndipo nilipochukua daftari la mtoto lililobaki kurasa. Njia yenyewe haina ufundi. Unajaza tangi mpaka bomba lijikate lenyewe. Unarudisha tripu kwenye sifuri. Unaendesha siku zako kama kawaida, bila upole wa maonyesho. Kisha unarudi kituo kilekile, ikiwezekana pampu ileile, unajaza tena mpaka lijikate, unagawa kilomita kwa lita ulizoongeza. Kijana wa pampu aliponisikia nasema "jaza" aliuliza kama tunasafiri.

Kilomita 252. Lita 41. Sita na kidogo.

Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea. Sikukosea.

Sasa tukae kwenye hesabu, kwa sababu ndipo familia zinapochinjwa kimyakimya. Sisi kazini, shuleni na sokoni tunatembea kama kilomita 1,200 kwa mwezi. Tuseme lita ni shilingi 3,000, kwa kurahisisha. Gari la sita kwa lita linataka lita 200, yaani shilingi 600,000. La kumi na mbili kwa lita linataka lita 100, yaani 300,000. Tofauti ni laki tatu kila mwezi, milioni tatu na laki sita kwa mwaka. Kuna shule ambako hiyo ni ada ya mtoto mzima, pamoja na sare na basi. Tulikuwa tunamchoma mtoto mwingine ambaye hatujamzaa.

Na hesabu hiyo ina mtego ambao hata wasomi wanauingia. Kutoka 6 hadi 12 ni hatua sita. Kutoka 12 hadi 20, kwa wenye magari mseto, ni hatua nane. Mtu atasema hatua ya pili ndiyo kubwa. Piga hesabu uone: ya kwanza inakuokolea lita 100 kwa mwezi, ya pili inakuokolea 40 tu. Kwa hiyo anayekopa hadi kooni apate gari mseto akitokea kwenye kigari cha cc 1,300 anakimbilia faida ndogo, wakati jirani yake mwenye dubwana la sita kwa lita angeweza kuhamia gari lolote la kawaida la cc 1,500 na kupata nafuu kubwa kuliko yake. Ondoka kwanza kwenye sita. Mengine yatafuata mfuko ukiruhusu.

Lakini kijijini je? Nilijua utauliza. Kila nikilizungumza jambo hili lazima atokee mchangiaji wa Desemba. "Mimi kwetu Rombo, bwana, mvua ikinyesha gari dogo halifiki." Kweli, kuna kilomita tano za mwisho zenye tope. Kutoka Dar mpaka Moshi ni lami tupu. Basi mwaka mzima, siku 362, unaburuza tani karibu mbili za chuma kwenye lami ya Sam Nujoma ili siku tatu za Krismasi uingie uani kwa baba mkubwa bila kukwama. Siku hizo tatu kodi pikapu ya mtu wa pale pale. Acha gari kwa binamu barabarani, panda bodaboda na mbuzi wako mkononi. Bado utabakiwa na chenji ya kumnunulia baba mkubwa koti.

Halafu kuna ile sumu ya jina. IST, Vitz, Passo, tumezibandika jina la beibi woka, na mwanamume mwenye watoto wawili na mshahara wa kawaida anaona heri alale na deni kuliko kuonekana ndani ya beibi woka. Nani anamtazama? Wenzake waliokwama foleni, nao wamewasha taa ya njano, nao wanaombea mwezi uishe. Gari kubwa likisimama foleni na AC imewashwa linaweza kuteketeza lita nzima na zaidi kwa saa bila kusogea hata hatua. Heshima ya namna hiyo inatoka moshi nyuma.

Sisemi kila mtu apande kigari. Hapo nako kuna ujinga wa upande wa pili. Kuna baba anaisifia Passo yake kwamba inapata 15 kwa lita, kisha Jumapili anapakia watu wazima watano na gunia la mkaa, anapandisha kilima mguu umegusa sakafu. Injini ya cc 1,000 inayosukumwa hivyo hainusi tena, inakunywa na kuzeeka kwa pamoja. Na watoto kupakatwa miguuni kwa sababu siti hazitoshi si kubana matumizi. Ni kucheza na roho za watu.

Kwa watu sita wa mdogo wangu nilitoa hukumu yangu mbele ya dalali, bila aibu. Alphard ya cc 2,400 mliyotuletea ni sebule nzuri yenye matairi, asante, hapana. Noah ya cc 2,000 ni kwa anayejaza siti zote kila siku. Hawa wanajaza Jumapili tu. Wabaki kwenye mbili: Wish ya cc 1,800 au Sienta ya cc 1,500. Wish ni tulivu zaidi safari ndefu na mjini inahemea kwenye tisa, kumi, kumi na moja. Sienta ni nyepesi, milango inaburuzwa, mama mkwe anaingia bila kuinama sana, na injini yake ya 1NZ ndiyo ileile iliyomo kwenye Probox na kwenye IST ya cc 1,500, kwa hiyo hakuna gereji kutoka Tunduma hadi Namanga itakayokosa plagi au pampu yake ya maji.

Dalali akaona tunalegea, akaleta chambo: "Hii Sienta ni 4WD, bosi, bei ni ileile." Kataeni. Vigari vya 4WD vilitengenezwa kwa ajili ya watu wa theluji kaskazini mwa Japani. Huku vinakuletea shafti moja zaidi, difu moja zaidi, na kilo ambazo utazilipia mafuta kila asubuhi hadi siku ya kuliuza. Tope la Desemba halikuanza leo, na gari la chini lenye 4WD litalala tumbo kwenye tuta lilelile.

Kuhusu gari mseto, wengi wanaliogopa kwa sababu ya neno moja la fundi: "Betri ikifa, gari limekufa." Uongo nusu. Betri ya Aqua ni moduli 20 zilizounganishwa, na ikianza kuchoka mara nyingi ni moduli chache zimetangulia, zinapimwa na kubadilishwa. Kinachoziua mapema ni joto. Betri iko chini ya siti ya nyuma na inapozwa na feni inayovuta hewa kupitia tundu dogo pembeni mwa siti hiyo. Nimechungulia tundu la Aqua moja ya jirani nikakuta vumbi, nywele, na kanga ya mtoto iliyobanwa hapo na mkoba. Feni ilikuwa inavuta kanga. Halafu mwenye gari anailaani Japani. Ukikagua gari mseto la mtumba, kabla hujauliza redio, uliza tundu hilo lilisafishwa lini.

Sasa nije kwa mafundi, na hapa naomba radhi kwa wachache walio waaminifu. Unaweza kuchagua gari sahihi, ukaligeuza mlevi ndani ya gereji moja. Langu la pili, dogo hili ninaloendesha sasa, lilianza kwa 13. Baada ya "sevisi kubwa" likashuka hadi 10. Nikarudi kwa fundi.

"Mlibadilisha nini?"

"Hakuna kitu, mama. Tumetoa tu themostati. Hii kitu ni ya nchi za baridi."

Mungu wangu. Themostati hailetwi kupasha joto abiria. Ni kizibo kinachozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake la kazi. Ukiitoa, injini inakaa baridi muda mrefu, kompyuta ya gari inadhani ndiyo kwanza unawasha asubuhi, inazidisha petroli. Inazidisha kutwa nzima. Kifaa cha bei ya pilau mbili kimetolewa bure ili uongezewe mafuta ya maelfu, na umelipia ufundi. Ukinunua gari la mtumba lililokwisha kutumika hapa nchini, liendeshe njia ndefu kisha tazama mshale wa joto. Ukibaki chini kabisa wakati wote, au kwa magari ya siku hizi ile taa ya buluu ikichelewa kuzimika, uliza themostati iko wapi kabla hujauliza bei.

Na ile tabia ya kumimina oili nzito ya 20W-50 kwenye injini iliyoandikiwa 5W-30 "kwa sababu gari ni la zamani", nayo ni kumvalisha mkimbiaji gamboti. Kitabu cha gari kipo. Kipo kwa Kijapani, sawa, lakini 5W-30 inasomeka kwa lugha zote.

Serikali nayo nisiisahau, ingawa sitakaa nayo sana. Ushuru wa bidhaa kwa muda mrefu umekuwa sifuri kwa injini isiyozidi cc 1,000, asilimia 5 hadi cc 2,000, na asilimia 10 kupita hapo. Basi. Kati ya cc 2,100 na cc 4,700 hakuna tofauti ya kiwango. Wakati huohuo uzee wa gari unatozwa asilimia 15 likiwa na miaka minane hadi kumi, na 30 likipita hapo. Yaani familia yenye pesa kidogo inayoagiza kigari kikuukuu kisichokunywa inachapwa na kiwango kizito kuliko mwenye dubwana jipya la cc 4,000. Na hakuna kanuni inayomlazimu muuzaji kuandika kwenye kioo, pembeni ya bei, kilomita kwa lita. Mchele tunaandikiwa uzito, dawa ya mbu tunaandikiwa ujazo. Gari, kitu cha bei kubwa kuliko vyote baada ya nyumba, tunauziwa kwa "inanusa".

Kwa hiyo nawaomba wauzaji, nikijua mtanuna: siku ya majaribio mruhusuni mnunuzi ajaze tangi kwa pesa yake, aendeshe nusu siku kwenye foleni, arudi ajaze tena. Mwenye gari zuri ataogopa nini? Dalali wetu nilipomwambia hivyo alicheka, akamwangalia shemeji ili wacheke wote. Shemeji hakucheka. Alitoa funguo zilizokuwa mfukoni mwake, akamrudishia, tukaondoka kwenda yadi ya tatu.

Walinunua Sienta, isiyo ya 4WD. Tangi la kwanza lililopimwa kutoka kujaza hadi kujaza: kilomita 401, lita 34. Kumi na moja nukta nane, na mama mkwe amekaa siti ya dirishani.

Lako linakwenda ngapi?